Betri za sodiamu zaja: Je, kinywe cha Mahenge kitapata nafasi?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKOA wa Morogoro umekaa juu ya miamba ya tabaka. Katika vijito vinavyoteremka kutoka Milima ya Uluguru, mchanga humetameta kwa vipande vyembamba vya ulanga, madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi. Kusini zaidi, ng'ambo ya Bonde la Kilombero, kwenye vilima vya Mahenge wilayani Ulanga, lipo jiwe jingine la tabaka, jeusi na laini, linaloacha alama ya kijivu vidoleni. Hicho ni kinywe, kaboni ileile inayotiwa ndani ya penseli.

Wawekezaji hawakupanda Mahenge kwa ajili ya penseli. Walivutwa na betri. Katika betri nyingi za simu za mkononi, kompyuta na magari ya umeme, upande mmja wa betri hutengenezwa kwa kinywe, na betri yenye uwezo wa kuhifadhi uniti moja ya umeme huhitaji takriban kilo moja ya madini hayo. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa Mahenge jina katika masoko ya hisa ya mbali.

Kampuni mbili za Australia zimekuwa zikiandaa migodi katika eneo hilo. EcoGraf, iliyojulikana kama Kibaran Resources hadi mwaka 2019, ina mradi wa Epanko. Black Rock Mining ina mradi wa Mahenge, ambao akiba yake inayofaa kuchimbwa kibiashara imekadiriwa kuwa tani milioni 70 za mwamba wenye wastani wa asilimia 8.5 ya kinywe, yaani karibu tani milioni 6 za kinywe chenyewe. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi ya namna hiyo bila kuzilipia. Mkataba na Black Rock ulisainiwa Desemba 2021 na ukazaa kampuni ya ubia ya Faru Graphite. Ule wa EcoGraf ulisainiwa Aprili 2023.

Kwa hiyo, habari yoyote inayogusa mahitaji ya kinywe duniani inamgusa pia mlipakodi wa Tanzania, pamoja na kaya za Epanko zinazotakiwa kupisha mgodi. Na habari kubwa katika sekta ya betri kwa miaka ya karibuni ni hii: imepatikana betri isiyohitaji lithiamu, ambayo pia, kwa jinsi inavyotengenezwa leo, haihitaji kinywe. Inatumia sodiamu, elementi iliyomo katika chumvi ya mezani.

Daladala ya Msamvu

Betri inayochajiwa upya ina elektrodi mbili, moja ya ncha hasi na nyingine ya ncha chanya. Kati yake kuna utando mwembamba uliolowekwa kwenye kimiminika kiitwacho elektroliti. Betri inapochajiwa, ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, hutoka upande wa chanya, hupita katika kimiminika na kujipenyeza ndani ya elektrodi ya upande wa hasi. Elektroni zenyewe huzunguka kwa njia ya waya wa nje. Betri inapotumika, safari hugeuka, na elektroni zinazorejea kupitia waya huo ndizo zinazowasha taa.

Mwendo huo hauna tofauti kubwa na wa daladala inayokwenda na kurudi kati ya Msamvu na katikati ya mji wa Morogoro. Abiria ni walewale, njia ni ileile, na uhai wa biashara hutegemea vituo viwili vyenye nafasi ya kupokea watu wote bila kubomoka. Kituo kikiwa finyu, abiria wachache husafiri. Kikibomoka kila abiria wanaposhuka, baada ya siku chache hakuna daladala tena.

Katika betri za lithiamu, ambazo waasisi wake John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, kituo cha upande wa hasi kwa kawaida ni kinywe. Tabaka zake za kaboni zimeachana kwa nanomita 0.335. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Ioni ya lithiamu huingia katika nafasi hiyo, moja kwa kila atomi sita za kaboni, na kwa hesabu za kemia kila gramu ya kinywe huweza kubeba chaji ya miliampia-saa 372. Ni kituo kizuri, tena cha bei nafuu.

Magadi badala ya lithiamu

Lithiamu ina tatizo la uhaba na la umiliki. Sehemu kubwa hutoka Australia, Chile na China. Barani Afrika inachimbwa Zimbabwe, na akiba kubwa ipo Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo. Novemba 2022 bei ya lithiamu kaboneti nchini China ilikaribia yuan 600,000 kwa tani moja, kisha ikaporomoka, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeshuka chini ya yuan 100,000. Kiwanda kinachonunua malighafi ya namna hiyo hakiwezi kupanga bajeti ya miaka mitatu kwa utulivu.

Sodiamu haina historia hiyo. Ni miongoni mwa elementi zilizo nyingi zaidi katika ganda la dunia, na bahari imejaa chumvi yake. Malighafi ambayo viwanda vya betri huipendelea ni magadi soda, ndugu wa magadi yanayotiwa kwenye chungu cha maharage ili yaive upesi. Kwa upande huu Afrika Mashariki haina cha kuomba. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kibiashara tangu mwaka 1911. Nchini Tanzania, mpango wa kujenga kiwanda kando ya Ziwa Natron ulizua mabishano makali katika nusu ya pili ya muongo wa 2000, kwa sababu ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa ukanda huu, na baadaye macho yakahamia bonde la Engaruka wilayani Monduli, ambako Shirika la Maendeleo ya Taifa limekuwa likisimamia mradi wa magadi.

Kuna faida nyingine ndogo ambazo mhasibu wa kiwanda hazipuuzi. Katika betri ya lithiamu, bamba la kukusanya umeme upande wa hasi lazima liwe la shaba, kwa kuwa lithiamu huchanganyika na alumini na kuiharibu. Sodiamu haifanyi hivyo, kwa hiyo alumini, iliyo nyepesi na rahisi, hutumika pande zote mbili. Aidha, betri ya sodiamu inaweza kuisha chaji yote hadi sifuri na kusafirishwa ikiwa hivyo bila kudhurika, jambo linalopunguza hatari ya moto melini na ghalani.

Gharama yake ni uzito. Atomi ya sodiamu ina uzito wa 23 dhidi ya 7 wa lithiamu, na volti zake ni pungufu kidogo. Kampuni ya CATL ya China, kubwa kuliko zote duniani katika betri, ilipozindua betri yake ya kwanza ya sodiamu Julai 2021 ilitaja uwezo wa wati-saa 160 kwa kilo. Aprili 2025 ikatangaza nyingine ya wati-saa 175. Betri bora za lithiamu zenye nikeli hupita 250. Kwa anayetaka gari la kwenda mbali, pengo hilo ni kubwa. Kwa betri iliyowekwa chini ya kitanda kuhifadhi umeme wa jua, si hoja nzito.

Kinywe kinapofunga mlango

Sasa ndipo Mahenge inapoingia katika simulizi hii. Ioni ya sodiamu haikai ndani ya kinywe. Katika elektroliti za kawaida, kinywe kinachobeba miliampia-saa 372 za lithiamu kwa gramu hubeba chini ya sehemu ya kumi ya kiasi hicho kikipewa sodiamu.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba sodiamu ni nene mno. Ni kweli kwamba nusu-kipenyo cha ioni yake ni nanomita 0.102 dhidi ya 0.076 za lithiamu. Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa potasiamu ni nene kuliko zote mbili, nayo huingia katika kinywe bila shida kubwa. Kiini cha tatizo ni kwamba sodiamu na tabaka za kinywe hazishikani vya kutosha: nguvu inayotumika kuzitanua tabaka ni kubwa kuliko faida inayopatikana sodiamu ikishaingia. Kwa lugha ya nyumbani, mgeni anaweza kupita mlangoni, ila hakuna anayemkaribisha kukaa.

Suluhisho lililofungua njia lilitoka Kanada. Mwaka 2000 watafiti D. A. Stevens na J. R. Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie walichoma glukosi, sukari ya kawaida, katika joto kali bila hewa, wakapata aina ya kaboni iliyobeba takriban miliampia-saa 300 za sodiamu kwa kila gramu. Wataalamu huiita kaboni ngumu. Ndani yake hakuna mpangilio wa tabaka ndefu zilizonyooka kama za kinywe. Kuna vipande vifupi vilivyolala ovyo, mithili ya karata zilizomwagwa mezani, vilivyoachana kwa nanomita 0.37 hadi 0.40, na katikati yake mna vishimo vyenye upana wa nanomita moja au mbili. Sodiamu hujibanza kati ya vipande na kujaza vishimo.

Tangu hapo, sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta elektrodi bora za sodiamu imekuwa kazi ya kupanga maumbo madogo namna hiyo. Hili ndilo linaloitwa nyenzo za muundo wa nano.

Kwa nini udogo una faida

Ndani ya chembe ngumu ioni hutembea polepole sana, na muda wa safari huongezeka kwa mraba wa umbali. Mtu akipunguza upana wa chembe mara 100, tuseme kutoka mikromita 10 hadi nanomita 100, muda wa ioni kufika katikati hupungua mara 10,000. Betri ambayo ingehitaji saa nyingi kujaa inaweza kujaa kwa dakika. Kwa ioni kubwa na nzito kama ya sodiamu, tofauti hiyo ndiyo mara nyingi hutenganisha betri na jiwe.

Faida ya pili inahusu kuvimba. Bati, metali inayotumika kulehemu redio, hubeba sodiamu nyingi kuliko kaboni: kwa nadharia miliampia-saa 847 kwa gramu. Tatizo ni kwamba likishiba huvimba hadi ujazo wake kupita mara nne na kitu, kisha hunywea likitoa. Kipande kikubwa hupasuka baada ya mizunguko michache. Chembe za nanomita chache zilizotawanywa ndani ya sifongo ya kaboni hustahimili zaidi, kwa sababu zina nafasi ya kuvimbia. Antimoni na fosforasi nazo zimejaribiwa kwa njia hiyohiyo.

Upande wa chanya una makundi matatu ya nyenzo yanayoshindana. Zipo oksidi za tabaka zenye chuma, manganizi na wakati mwingine nikeli. Ipo familia ya rangi ya buluu ya Prussia, rangi ya wachoraji iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo fuwele zake zina matundu mapana ya kupitisha sodiamu. Na zipo fosfeti za vanadiamu, imara na za kudumu, lakini hazipitishi elektroni vizuri. Dawa yake ni kuzisaga hadi kiwango cha nano na kuzivika ngozi nyembamba ya kaboni. Kampuni ya Tiamat ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2017, imejikita katika kundi hilo la mwisho.

Udogo una hasara pia, na katika matangazo ya maabara hasara hizo hutajwa kwa sauti ya chini. Chembe ndogo zina eneo kubwa la nje, na kila sehemu ya eneo hilo hugusana na elektroliti. Wakati wa kuchaji kwa mara ya kwanza, elektroliti huungua juu ya uso wa kaboni na kutengeneza utando, na sodiamu inayonaswa katika utando huo haitumiki tena. Kaboni nyingi ngumu hupoteza asilimia 10 hadi 20 ya chaji kwa njia hiyo. Vilevile unga wa nano ni mwepesi na haushindiliwi vizuri. Elektrodi inaweza kusifika kwa gramu na kufedhehesha kwa lita. Ndiyo maana viwanda vingi hupendelea chembe zenye ukubwa wa mikromita kadhaa ambazo muundo wa nano uko ndani yake, si unga ambao kila punje ni ya nano.

Kinywe kilichotanuliwa

Je, kinywe kimetupwa moja kwa moja? Mwaka 2014 ulileta majibu mawili yanayostahili kusomwa Mahenge.

La kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani. Watafiti wa huko walichukua kinywe, wakakitia oksijeni kwa kemikali ili tabaka zake ziachane, kisha wakaondoa sehemu ya oksijeni hiyo kwa joto. Kilichobaki ni kinywe chenye tabaka ndefu kama awali, lakini zilizoachana kwa nanomita 0.43. Katika mwendo wa polepole kilibeba miliampia-saa 284 za sodiamu kwa gramu, na baada ya mizunguko 2,000 kilibakiwa na karibu robo tatu ya uwezo wake.

La pili lilitoka Ujerumani, kwa Birte Jache na Philipp Adelhelm wa Chuo Kikuu cha Giessen. Wao hawakugusa kinywe, walibadilisha kimiminika. Katika viyeyushi vya jamii ya etha, ioni ya sodiamu huingia kati ya tabaka ikiwa bado imezungukwa na molekuli za kiyeyushi, kama mtu anayeingia harusini na wapambe wake. Uwezo wake ni mdogo, takriban miliampia-saa 100 kwa gramu, lakini safari ni ya haraka na hurudiwa maelfu ya mara.

Majibu yote mawili hayajakitoa kaboni ngumu kileleni. Kutia oksijeni kunahitaji asidi kali na kunazalisha maji machafu mengi. Etha hubeba chaji ndogo mno kwa matumizi mengi. Hata hivyo kuna jambo moja la kuzingatiwa. Kinywe kinachotanuliwa kwa urahisi ni kile chenye magamba makubwa, na Mahenge inajulikana kwa magamba makubwa. Kwa sasa magamba hayo yanalengwa kwenye masoko mengine, yakiwemo vifaa vya kuzuia moto na matofali ya tanuri, wakati magamba madogo ndiyo yanayosagwa kwa ajili ya betri za lithiamu.

Kupeleka sampuli za Morogoro katika maabara za ng'ambo si jambo geni. Machimbo ya ulanga ya Uluguru, yaliyofunguliwa enzi ya Wajerumani wakati ulanga ulipohitajika kukinga mitambo ya umeme, yalitoa pia fuwele za madini ya urani pale Lukwengule. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alichunguza jiwe la njano lililotokana na fuwele hizo, akagundua kuwa ni madini mapya, akayaita ruthafodini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Jina la mwanasayansi aliyezaliwa New Zealand limebaki katika jiwe la Waluguru hadi leo, na vitabu vya madini duniani kote huitaja Uluguru kuwa mahali lilipopatikana kwa mara ya kwanza.

Kaboni ya shambani

Iwapo kaboni ngumu itaendelea kutawala, malighafi yake haitatoka mgodini bali shambani. Viwanda vya Asia vimeitengeneza kwa vifuu vya nazi na mianzi. Maabara zimejaribu karibu kila taka ya mimea: pumba za mpunga, makapi ya miwa, hata maganda ya ndizi, ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada iliyachoma mwaka 2014 na kupata kaboni iliyobeba zaidi ya miliampia-saa 300 kwa gramu.

Mtu akiisoma orodha hiyo akiwa Morogoro atadhani imeandikwa kwa ajili ya mkoa huu. Ndizi huteremka kila siku kutoka Kinole na Matombo. Miwa inasagwa Kilombero na Mtibwa. Bonde la Kilombero ni ghala la mpunga. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba hutoa singa ambazo ni sehemu ndogo tu ya uzito wa jani. Sehemu kubwa inayobaki hutupwa. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima yenyewe, kina wataalamu wanaozifahamu taka hizo kuliko mtu yeyote.

Pamoja na hayo, wepesi wa kusema hauondoi ugumu wa kutenda. Mkaa wa tanuri la udongo haufai. Kaboni ya betri huchomwa katika nyuzi joto 1,000 hadi 1,500, ndani ya gesi isiyo na oksijeni, kwa mpangilio wa joto unaodhibitiwa dakika kwa dakika. Kabla au baada ya hapo huoshwa kwa asidi ili kuondoa majivu, kwani potasiamu, chokaa na madini mengine yaliyomo katika mmea huvuruga mwenendo wa betri. Pumba za mpunga zina silika nyingi mno, na kuiondoa kunahitaji kemikali nyingine. Makapi ya miwa hayako huru, kwa sababu viwanda vya sukari huyachoma kupata mvuke na umeme wake. Taka za mkonge zimelowa maji na kuzikausha kuna gharama. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa mmea mkavu hupotea kama moshi na gesi kabla kaboni haijapatikana.

Lipo pia suala la misitu, ambalo haliwezi kurukwa mkoani humu. Morogoro imekuwa ikilisha Dar es Salaam mkaa kwa miaka mingi, na Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, uliotangazwa mwaka 2008 na wenye ukubwa wa takriban hekta 24,000, ndio chanzo cha vijito vinavyojaza Mto Ruvu, mto unaonywesha jiji hilohilo. Miti ya porini ingeweza kutoa kaboni ngumu kama vifuu. Bei ya tani moja ya kaboni ya betri ni kubwa kuliko ya mkaa wa kupikia, na soko la namna hiyo likifunguliwa bila masharti ya chanzo cha malighafi, mzigo utaanguka kwenye mteremko.

Uwezo wa kutengeneza nyenzo za nano upo nchini, japo katika fani nyingine. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nyenzo za nano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa. Betri inadai zaidi: kisanduku kilichojaa gesi ya argoni kisichoingiza unyevu, tanuri la uhakika, na mashine za kuchaji na kumaliza chaji zinazofanya kazi usiku na mchana kwa miezi bila umeme kukatika.

Soko linavyosema

Biashara ya betri za sodiamu imekwisha kutoka maabara, ingawa si kwa ushindi kila mahali. China imekwenda mbele: gari dogo lenye betri za kampuni ya HiNa lilianza kufikishwa kwa wateja mapema mwaka 2024, na katikati ya mwaka huohuo kituo cha kuhifadhi umeme cha megawati-saa 100 kiliunganishwa na gridi jimboni Hubei. Kampuni ya Faradion ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilinunuliwa na Reliance ya India. Kwingineko mambo yalikuwa mabaya. Northvolt ya Sweden, iliyojigamba mwaka 2023 kwa betri ya sodiamu ya wati-saa 160, ilifilisika Machi 2025. Natron Energy ya Marekani, iliyotegemea buluu ya Prussia, ilifunga shughuli Septemba 2025.

Sababu moja kubwa ya kudorora huko ni kushuka kwa bei ya lithiamu. Hapo kuna kinaya ambacho wenye hisa za kinywe wanakifahamu vyema: lithiamu inapokuwa rahisi, betri zenye kinywe huuzwa kwa wingi, inapopanda kama ilivyopanda mwaka 2022, wanunuzi hugeukia sodiamu, nao huondoka na kaboni ngumu. Kwa upande mwingine, China, inayosindika sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani, iliweka udhibiti wa vibali vya kuuza madini hayo nje kuanzia Desemba 1, 2023, na hatua hiyo imezifanya kampuni za Korea, Japani na Ulaya kutafuta vyanzo vingine. POSCO ya Korea Kusini imejifunga na Black Rock kwa sababu hiyo. Ndani ya miaka michache ijayo, basi, soko la Mahenge ni la betri za lithiamu, na hakuna dalili kwamba litatoweka ghafla.

Ndani ya nchi hesabu ni nyingine. Kukamilika kwa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, kumepunguza hoja ya kuhifadhi umeme wa gridi katika betri. Mahitaji yaliyopo ni ya mahali ambapo nguzo hazijafika au umeme hukatika: nyumba zenye paneli za jua, zahanati, minara ya mawasiliano, pikipiki na bajaji za umeme. Wengi huko bado wanatumia betri za risasi na asidi, ambazo huchakaa baada ya mizunguko mia kadhaa zikimalizwa chaji mara kwa mara.

Nyumba yenye taa nne, redio, televisheni ndogo na simu za kuchaji inaweza kutosheka na hifadhi ya uniti moja ya umeme. Kwa betri za risasi hizo ni takriban kilo 28, na nusu tu ya chaji yake ndiyo hutumika bila kuziharibu, kwa hiyo mwenye nyumba makini hununua kilo zaidi ya 50. Kwa betri ya sodiamu ya kiwango kilichotajwa na CATL mwaka 2021, seli zake zingekuwa na uzito wa kilo 6 na kidogo, na ndani yake kaboni ngumu inayozidi kilo moja. Katika njia za miguu za juu ya Mgeta, ambako mzigo hupanda kwa kichwa, tofauti hiyo ni ya mtu mmoja dhidi ya wawili.